Ruta imetufungia nje: kutafuta nywila ya zamani, kuingia kwa msimamizi au kufuta kila kitu?

Antena_Fupi (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima zenu. Ndugu yangu aliyesanidi ruta ya nyumbani amehama, na nywila aliyoiweka haikumbuki tena. Simu mpya haziwezi kujiunga, ingawa kompyuta moja ya zamani huingia yenyewe bila kuulizwa chochote. Isitoshe, usiku taa za ruta hupepesa hata tukiwa tumezima vifaa vyote tunavyovijua, nami nimeanza kushuku kwamba yupo mtu wa nje anayetumia mtandao wetu. Njia ninazoziona ni kuitoa nywila ndani ya hiyo kompyuta, kuingia katika ukurasa wa usimamizi na kuibadilisha huko, au kubonyeza kitufe cha ndani ya kitundu ili ruta irudi kama ilivyotoka kiwandani. Nianze na ipi?

Kebo_ya_Njano

Anza na kompyuta, kitundu ukiache kwanza. Tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana: ipo nywila ya kujiunga na mtandao, na ipo nywila ya msimamizi inayofungua mipangilio ya ruta yenyewe, kuijua moja hakukupi nyingine. Ile ya kwanza huhifadhiwa na kifaa kinachojiunga chenyewe, kama hiyo kompyuta yako. Ikiwa ni ya Windows, fungua dirisha la amri uandike netsh wlan show profile name="jina la mtandao" key=clear, na nywila itaonekana katika mstari wa Key Content. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 10 hutoa msimbo wa QR ambao simu nyingine huusoma kwa kamera, na iPhone tangu iOS 16 huionyesha nywila yenyewe. Ni kazi ya dakika chache na haiharibu kitu.

Mlinda_Lango

Nakubaliana na ndugu Kebo nusu tu. Nywila utakayoipata kwa njia hiyo ni ileile ambayo huyo unayemshuku, kama kweli yupo, anayo tayari. Taa kupepesa si ushahidi, kwani ruta kwa kawaida hutangaza jina lake hewani karibu mara kumi kila sekunde, tena huwasiliana na mtoa huduma hata nyumba nzima ikiwa imelala. Ushahidi utaupata katika orodha ya vifaa vilivyounganishwa, nayo imo ndani ya ukurasa wa usimamizi.

Ndiyo maana mimi ningetanguliza njia ya pili. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, andika anwani ya ruta katika kivinjari, ambayo mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, kisha jaribu jina na nywila ya msimamizi vilivyochapishwa kwenye lebo iliyo chini ya ruta. Wengi hubadilisha jina la mtandao na kusahau kuibadilisha nywila ya msimamizi, na uzembe huo leo unaweza kukufaa.

Kitundu kina gharama ambayo watu huigundua wakiwa wameshachelewa. Ukikibonyeza kwa sekunde 10 hadi 30, kutegemea aina ya ruta, unafuta pia taarifa za mtoa huduma. Penye muunganisho wa PPPoE (ruta hujitambulisha kwa mtoa huduma kwa jina na nywila) jina hilo la mtumiaji na nywila yake huondoka, pengine na namba ya VLAN (inayotenganisha mitandao katika njia moja), nawe unabaki na Wi-Fi inayoonekana vizuri lakini haikufikishi popote. Hata hivyo, ukikuta mipangilio imechezewa, kwa mfano seva za DNS (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) si zile za mtoa huduma wala si ulizochagua mwenyewe, hapo kufuta kila kitu ndiko salama zaidi, mradi taarifa hizo uwe umeziomba na kuziandika mapema.

Antena_Fupi

Nashukuru, Mlinda. Lebo imekubali, nimeingia. Sasa naona aina za ulinzi wa Wi-Fi: WPA2, WPA3 na mchanganyiko wa zote mbili, na nimeshauriwa pia nifiche jina la mtandao na kuruhusu anwani za MAC (namba za utambulisho) za vifaa vyetu pekee. Lipi lina uzito?

Hesabu_Kidogo

Kabla ya hayo yote, zima WPS ya namba ya siri, yaani njia ya kujiunga na Wi-Fi kwa namba fupi badala ya nywila. Namba ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia. Kwa hiyo anayekisia ana majaribio 10,000 kwa kipande cha kwanza na 1,000 kwa cha pili, yaani 11,000 badala ya milioni 100. Udhaifu huo ulitangazwa mwaka 2011, na bado zipo ruta za zamani zinazoiacha njia hiyo wazi.

Mlinda_Lango

WPA3, iliyotoka mwaka 2018, ni bora kwa sababu moja kubwa. Katika WPA2 mvamizi anaweza kunasa mazungumzo ya kifaa kinapojiunga, akaenda zake, akakisia nywila kwa kompyuta yenye nguvu bila ruta kujua lolote; katika WPA3 kila kisio hulazimika kupita kwa ruta yenyewe. Vifaa vya zamani vikikataa, tumia mchanganyiko, lakini nywila iwe ndefu: kikomo ni herufi 63, na maneno matano yasiyohusiana yanatosha. WEP, ulinzi wa zamani wa Wi-Fi, usiiguse kabisa.

Kuficha jina ni pazia tu, maana simu zenu zitalitaja hewani zinapolitafuta. Anwani za MAC nazo huonekana na kuigwa kwa urahisi.

Kebo_ya_Njano

Naongeza kwamba usimamizi kutoka nje ya nyumba uzimwe, na programu endeshi ya ruta isasishwe.

Antena_Fupi

Nimefanya hivyo, na nywila zote mbili nimezibadilisha. Printa ilikataa WPA3, kwa hiyo nimeiweka kwenye mtandao wa wageni wenye WPA2. Sasa tukitaka kuchapisha inatubidi tuhamie huko kwanza. Orodha ilikuwa na kifaa kimoja tusichokitambua, nikakizuia kwa anwani yake ya MAC, na papo hapo simu ya mke wangu ikakatika. Kumbe simu yake hutumia anwani ya kubuni badala ya ile iliyoandikwa kwenye boksi lake.