Ushauri: maji ya injini yakipita nyuzi 100, niongeze mafuta kwenye kompyuta?

Sindano4
Wakuu, habari zenu. Injini yangu ni ya petroli, silinda 4, haina tabo. Nimeifungia kompyuta ya kujitegemea ambayo majedwali yake nayarekebisha mwenyewe kwa laptopu. Inakadiria hewa kwa presha ya manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye silinda) na joto la hewa.

Nikiwa kwenye mwendo maji yanakaa nyuzi 88 hadi 92 na lamda (kipimo cha hewa dhidi ya mafuta: juu ya 1 mafuta ni pungufu, chini ya 1 yamezidi) imetulia. Shida ni foleni. Injini ikikaa sailensa (inawaka bila kukanyaga mafuta) muda mrefu maji yanapanda hadi 104, na nikikanyaga mafuta kuondoka inasita, lamda inaruka hadi 1.12, kisha inarudi yenyewe taratibu. Jedwali la nyongeza ya mafuta kwa joto la maji linafika 100% kwenye nyuzi 80 na kubaki hapo. Je, niweke 110% kuanzia nyuzi 100? Naogopa kuunguza gasketi ya silinda hedi.

BwanaPlagi
Weka 108% mkuu, usiogope. Mafuta ya ziada yanapoza chumba cha mwako, na magari ya kiwandani yapo yanayofanya hivyo.

FundiRamani
Ngojeni kidogo. Alichosema BwanaPlagi ni kweli injini ikiwa na mzigo mkubwa: petroli inapogeuka mvuke hufyonza joto, na mlipuko unakuwa mbali na kugonga. Kwenye sailensa hakuna joto la maana la kuondoa. Isitoshe, kama umeiruhusu kompyuta ijisahihishe kwa sensa ya oksijeni, utaongeza 8% huku na yenyewe itazipunguza kule.

Jedwali la joto la maji lipo kwa ajili ya injini baridi, kwa sababu petroli inabaki kwenye kuta za manifoldi badala ya kuwa mvuke. Injini ikishapata moto sababu hiyo imekwisha. Liache 100% hadi mwisho. Niambie, sensa ya joto la hewa imefungwa wapi, na foleni inasoma ngapi?

Sindano4
Iko kwenye manifoldi, imekazwa kwenye alumini. Nimeangalia rekodi: kwenye foleni 66, nikishaondoka inashuka polepole hadi 38.

FundiRamani
Basi mwizi tumempata. Sensa imepashwa joto na chuma, haipimi hewa. Kompyuta inaamini hewa ni ya nyuzi 66, yaani nyepesi, kwa hiyo inapunguza petroli. Lakini ukikanyaga, hewa inayoingia kwa kasi haikai kwenye manifoldi kiasi cha kupata moto huo. Piga hesabu kwa kelvini: 311 gawanya kwa 339 ni 0.917. Umenyimwa mafuta takriban 8%. Sehemu iliyobaki hadi kufika 1.12 yawezekana ni petroli iliyopata moto kwenye reli ya nozeli (bomba linalogawa petroli kwa nozeli). Ikiwa na mapovu ya mvuke, nozeli ikifunguka kwa muda uleule inapitisha kidogo.

Hamishia sensa kwenye bomba la plastiki baada ya chujio, mbali na rejeta na eksozi. Halafu tafuta kwenye programu yako jedwali linalochanganya joto la maji na la hewa. Hewa ikiwa kidogo inachukua joto la injini, kwa hiyo joto la maji lipe uzito zaidi. Hewa ikiwa nyingi, iamini sensa ya hewa. Hapo ndipo joto la maji linaingia kwenye hesabu ya mafuta ya injini yenye moto, na kazi hii inastahili kufanywa kwa subira.

LamdaMoja
Mkuu, pima na sensa ya maji pia. Upinzani wake unashuka joto likipanda. Zile za Bosch zilizozoeleka ni kama omu 2,500 kwa nyuzi 20, omu 323 kwa nyuzi 80, na omu 186 tu kwa nyuzi 100. Huko juu omu chache zinabadilisha usomaji. Waya wa ethi wenye kutu unaongeza upinzani, kompyuta inadhani injini ni baridi kuliko ilivyo, na feni inachelewa kuwaka.

Sindano4
Asanteni sana. Na ulinzi wa gasketi je? Ikifika 110 nikiwa napanda mlima?

FundiRamani
Huo weka, ila ufungamane na mzigo. Kuanzia nyuzi 105, kwenye mzigo mkubwa pekee, shusha lamda lengwa kutoka 0.88 hadi 0.83, rudisha taimingi (wakati wa cheche ya plagi) nyuma nyuzi 2 au 3 za mzunguko wa injini, kisha maji yakifika 110 kompyuta ipunguze kikomo cha mizunguko. Injini ya Northstar ya Cadillac ilienda mbali zaidi: ikikosa maji ilikuwa inazima mafuta kwa zamu kwenye silinda, ili zile zisizochoma zipozwe na hewa. Lakini 104 kwenye foleni mimi siikubali. Feni yako inawaka nyuzi ngapi?

Sindano4
102.

FundiRamani
Iwashe 96, izime 91. Na wakati wa majaribio zima masahihisho ya sensa ya oksijeni, la sivyo yatakuficha kosa. Ukishahamisha sensa tupia rekodi hapa tuione.