Monita mbili: kila moja iwe na meza zake, au zote zichangie kapu moja?

Mjenzi_wa_Vigae: Wakuu, tunaunda dawati la kompyuta linalopanga madirisha lenyewe kama vigae, hakuna dirisha kumlalia mwenzake. Monita moja haisumbui, ya pili ndiyo imetugawa. i3, programu ya kupanga madirisha hivyo hivyo, inaipa kila monita meza zake (meza ni ule uwanja wa madirisha, unaitwa kwa Super, kitufe chenye nembo ya Windows, na namba: Super+1, Super+2 na kuendelea): ukiita 3 iliyoko kulia, unapelekwa kulia. xmonad, programu nyingine ya aina hiyo, ni kapu moja: ukiita 3 inakuja hapo ulipo, uliyokuwa nayo inakwenda kulia. Mimi nataka ya xmonad. Karibuni.

Kipanga: Napinga. Nimekaa na xmonad mwezi mzima. Logi (kumbukumbu za programu) nimeiweka kulia makusudi, nagusa 3, logi imeruka kushoto na nilichokuwa naandika kimekimbilia kulia, wamepishana kama watu mlangoni. Macho yana mazoea, jamani. Halafu "meza" umeitoa wapi? Meza tembe?

Bi_Kibodi: 😂😂 Ila kweli inameza. Jana nimechomoa waya wa monita, madirisha manne yakahamia kwenye laptopu, kila moja jembamba kama mkanda wa saa. Nimechomeka tena, hakuna lililorudi kwao. Mleta mada, hilo ndilo swali. Mnaitambua monita kwa jina la tundu, DP-1, au kwa EDID, yaani kiwanda, modeli na namba yake? Maana ukipitia doki (kile kisanduku cha kuunganishia nyaya), DP-1 ya leo kesho ni DP-3. niri, nayo ya kupanga madirisha, huzirudisha meza kwenye monita yake ikichomekwa upya, kwa hiyo inawezekana.

Mjenzi_wa_Vigae: Kipanga, wewe ungeiitaje? "Nafasi ya kazi"? Hilo ni tangazo la ajira. Meza haina kosa.

Kipanga: Dawati halafu juu yake meza. Fundi seremala kweli wewe.

Shikamoo_Root: Vijana mnahangaika. dwm, mpanga madirisha mwingine, ipo tangu 2006 na haina meza, ina lebo. Dirisha moja linabeba lebo mbili ukitaka, na kila monita ina seti yake ya lebo. Ila mtu wa monita tatu huyo hafanyi kazi, anafanya maonyesho.

Kipanga: Mzee shikamoo, lakini hilo la maonyesho lifute. Ninazo tatu na zote zinaniingizia riziki.

Shikamoo_Root: Marahaba. Sifuti.

Pikseli_Nusu: Mmesahau skeli, yaani vitu vimekuzwa mara ngapi kwenye skrini. Laptopu ya skeli 2 kando ya monita ya skeli 1, dirisha likivuka tu ndipo utajua. Kwenye Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux) kila skrini ina skeli yake, shida ni programu za X11 (mfumo wa zamani) zinazopitia XWayland, daraja la kati yao, zinatoka na ukungu kama kioo cha bafuni. Na Bi Kibodi, EDID si dawa ya kila kitu: kuna monita pacha hazina namba ya kuzitofautisha.

Bi_Kibodi: Sawa, basi tumieni vyote, EDID kwanza, tundu likiwa la akiba. Mjenzi, unasemaje?

Kipanga: Mzee bado sijaona umefuta.

Mjenzi_wa_Vigae: Nimesikia malalamiko, nimebadilisha kwenye msimbo wote. Sasa ni "uwanja". Tupige kura: uwanja au meza?

Shikamoo_Root: Lebo.

Bi_Kibodi: Na waya wangu?