Mgongo wa gitaa la mapajani unang'arishwa kama kioo, ni wa kutazamwa na nani?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Jana usiku nimedhalilika kwenye sendofu Area D, hapa Dodoma, mbele ya ukumbi mzima, na sababu si ulevi wala si kukosa mazoezi.

Kwa wasiolijua, hili gitaa halivaliwi shingoni. Unalipakata kama mtoto, limelala chali mapajani, nyuzi zinatazama dari. Mkono wa kulia unacharaza, wa kushoto unaburuza kipande cha chuma juu ya nyuzi bila kuzikandamiza, ndipo inatoka ile sauti ya kulia inayowafanya mashangazi watoe leso. Marekani wanaliita lapu stili. Sisi bendini tunaliita gitaa mpakato, kama kompyuta.

Sasa fikiria. Chuma kinakwenda kushoto kinarudi kulia, na kila ukikivuta kuelekea kwenye vikazio vya nyuzi, gitaa nalo linakufuata. Ukitikisa kiganja ili sauti itetemeke, linatambaa. Upande wa kushoto unaelemea kwa sababu vikazio ni vyuma vitupu, na bodi lenyewe ni jembamba, halina pa kushikilia. Halafu huko chini, mahali ambapo hakuna binadamu atakayepaona, mtu amekaa akapaka vanishi, akasugua, akapaka tena, mpaka ukijitazama unaona meno yako! Hivi huyo fundi aliwahi kukalia kiti akalipiga hata mara moja? Joseph Kekuku, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa upigaji huu, alikuwa akiburuza chuma kule Hawaii mwishoni mwa karne ya 19. Zaidi ya miaka 100, jamani, na bado tunauziwa kitu cha kupakata kinachoteleza kama sabuni.

Jana basi. Kiongozi wetu kashona sare za satini ya zambarau. Satini! Viti vya ukumbini vimevalishwa vitambaa vyeupe na riboni nyuma, navyo vinateleza. Kwa hiyo mimi nateleza kwenye kiti, gitaa linateleza kwangu. Nikawa nimebana magoti kama mtu anayetafuta choo, kisigino nimekiinua kiatuni, paja linatetemeka. Bibi harusi anaingia, nikaburuza chuma kutoka juu kabisa kushuka, gitaa likaondoka. Waya ukachomoka, spika zikapiga KWAAA, na kile chuma kikadunda sakafuni kikabingirika taratibu, watu wote wanakitazama, hadi chini ya meza kuu kwenye viatu vya baba mkwe. MC naye hakuninyamazia: "Jamani, gitaa limeomba maji!"

Nikampigia aliyeniuzia Dar. Jibu lake: "Kaka, hilo ni orijino, tatizo ni mapaja yako, membamba." Laki kadhaa nimetoa, naambiwa ninenepe.

Na si kwamba sikujaribu. Mwaka jana nilimpelekea fundi mmoja hapa mjini, akakata tyubu ya baiskeli akaibandika mgongoni kwa gundi ya viatu. Wiki za kwanza nilimwombea baraka. Joto la Novemba la Dodoma mnalijua. Siku moja nabandua, chini kuna michirizi myeusi na vanishi imelainika inanata vidoleni kama ubuyu. Kumbe magitaa ya zamani ya Marekani kama hili langu la mtumba yalipakwa vanishi ya nitroselulosi, na mpira ukikaa juu yake muda mrefu unaila. Kaeni nalo hilo, hata vile vimkeka vya mpira vya kutandika kwenye droo. Vinashika vizuri sana, ila ukimaliza kupiga vitoe, usilifungie navyo kwenye begi.

Mtaniambia ninunue lenye miguu, kama lile la pedali lililokuwa kwenye bendi ya King Sunny Adé kule Nigeria. Asante. Bei yake mnaijua? Na pikipiki ya kulibeba nitaletewa na nani?

Aliyenisaidia ni mjomba, mpiga zeze wa Chamwino. Alilipokea, akalipapasa mgongo, akauliza, "Hili wamelipaka mafuta ya nini?" Zeze lake ni kibuyu kilichowambwa ngozi, halijawahi kumkimbia. Leo asubuhi akanipa kipande cha ngozi ya mbuzi aliyoilainisha mwenyewe, upana kama wa kanga iliyokunjwa mara nne, upande wa ndani una vinyoya vifupi kama velveti. Ukitandika ule upande wa vinyoya juu, gitaa linatulia. Ila mgongo wa ngozi nao ukateleza kwenye suruali, kwa hiyo nimeikunja mara mbili, vinyoya juu na vinyoya chini. Nikaweka tofali chini ya miguu ili mapaja yawe sawa na sakafu, maana kiti kikiwa kirefu magoti yanashuka na gitaa linayafuata. Nimepiga saa nzima bila kubana magoti. Bure kabisa, na kinanuka mbuzi kidogo.

Kinachoniuma ni kwamba kipande hicho kingeweza kuwekwa ndani ya boksi tangu kiwandani. Wanakuwekea kitambaa cha kung'arishia. Cha kung'arishia!

Jumamosi tuna sherehe nyingine Nkuhungu na sare ni ileile. Nimeshamwambia kiongozi: navaa jinzi, ngozi ya mbuzi mapajani na tofali langu nakuja nalo. Akikataa, satini yake aivae apige gitaa yeye mwenyewe.