Mafundi wa redio za magari Malindi, plagi ya kiwanda haikatwi!

Ndugu zangu, huu uzi nimeufungua kwa hasira. Fungua dashibodi ya Corolla au Premio ya zamani iliyopita kwa fundi wa harakaharaka hapa mjini, utakuta mambo ni yaleyale: plagi ya kiwanda imekatwa, nyaya zimesokotwa kwa vidole na kuviringwa tepu nyeusi ambayo gundi yake imeshayeyuka kwa joto. Mwenye gari katoa pesa ya muziki, karudi nyumbani na shoti ndani ya dashibodi.

Kwa nini plagi ikatwe wakati ile ya kuunganishia inauzwa shilingi mia kadhaa tu? Toyota za Japani za miaka ile zina plagi mbili nyuma ya redio, moja ya pini 10, nyingine ya pini 6. Nyaya za redio mpya unazilehemu kwenye plagi ya kuunganishia ukiwa mezani, kwa utulivu, kisha ndani ya gari unachomeka tu. Ukishakata, umebaki kubahatisha, maana rangi za kiwanda si rangi za redio mpya. Kwenye redio mpya nyingi, manjano ni umeme wa betri wa moja kwa moja, nyekundu ni umeme wa ufunguo, nyeusi ni athi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari. Kwenye Toyota nyingi za zamani athi ni waya wa kahawia, na ile nyekundu na manjano ya plagi ya pini 6 mara nyingi ni ya spika za nyuma! Fundi anayeunga manjano kwa manjano bila kupima kwa mita anachezea mali ya mtu.

Tena kuna wale wanaochukua nyaya za hasi za spika zote wakazifunga kwenye bodi ya gari, eti kupunguza waya. Redio za siku hizi husukuma spika kwa nyaya zote mbili, kila mmoja una volti kama 6 muda wote redio ikiwaka. Ukiugusisha hasi wa spika kwenye bodi unaunguza IC ya sauti, ile chipu ndani ya redio inayosukuma spika. Halafu mteja anaambiwa redio ilikuwa feki.

Na sisi tuko pwani. Kusi ikivuma, chumvi inaingia kila mahali, na magari ya Gongoni na Marereni karibu na mashamba ya chumvi ndiyo yanayoteseka zaidi. Kiungo cha kusokota kinaota kutu ya kijani, spika inaanza kukatika kila gari likiruka tuta. Lehemu kwa risasi, vika mrija wa plastiki unaonywea kwa moto, basi. Nyaya zenyewe pia zikaguliwe. Zile za bei rahisi zinazouzwa pamoja na amplifaya (kile kisanduku cha kuongeza nguvu ya sauti) ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo si shaba tupu. Inapitisha umeme vibaya zaidi na chumvi inaila upesi.

Sasa tuje kwenye uongo wa wati. Boksi la redio limeandikwa wati 50 mara 4, jumla 200. Geuza redio utazame fyuzi yake: ampea 10. Zidisha kwa volti 14.4 za gari likiwa linanguruma, unapata 144, na hapo hujatoa zinazopotea kama joto. Kwa kweli kila spika inapata kama wati 15 hadi 20 safi. Hizo zinatosha sana ukichagua spika vizuri! Tazama namba ya desibeli kwenye karatasi ya spika, inayoonyesha spika inalia kwa nguvu kiasi gani kwa wati ileile. Spika ya desibeli 91 kwa wati 15 inalia sawa na ya desibeli 88 kwa wati 30. Desibeli 3 tu zimekuokolea amplifaya nzima, lakini dukani hakuna anayekwambia, wanakuonyesha sumaku kubwa na maandishi ya wati 500.

Mwenye pesa kidogo aanze na redio, kwa sababu redio ya Japani iliyokuja na gari inashika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, na stesheni zetu zimejaa mpaka 108. Kile kidude cha kushusha masafa kinachofungwa kwenye waya wa eria kinaongeza mikwaruzo. Pesa yake iwekwe kwenye redio.

Kisha spika mbili za mbele, inchi sita na nusu. Achana na koni ya karatasi yenye ukingo wa sponji, unyevu wetu unaimaliza. Chukua koni ya plastiki yenye ukingo wa mpira. Pima kina cha mlango kwanza, kioo kikiwa kimeshushwa chini kabisa, la sivyo kitagonga sumaku. Itengenezee spika pete ya plaiwudi ya marini ya milimita 18, kwa sababu MDF, ile mbao ya unga uliogandishwa, hufura kwa maji yanayopita ndani ya mlango. Halafu ziba yale matundu makubwa ya bati la ndani. Hapa ndipo besi inapopatikana bila gharama: matundu hayo yakiwa wazi, sauti ya mgongo wa koni inakutana na ya mbele zinauana. Lami ya kuzibia mapaa usiitumie, jua la mchana litaichuruzisha. Tafuta shiti ya butili (mpira laini wenye gundi), na matundu ya chini ya kutolea maji yaache wazi.

Kabla ya kufunga, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye nyaya za kila spika kwa sekunde moja. Chanya kwa chanya, koni iruke nje. Moja ikirudi ndani, umegeuza waya na besi itapotea.

Anayetaka amplifaya baadaye, ya chaneli 4 ya wati 60 za kweli, aweke waya wa shaba laini wa milimita 10 za mraba na fyuzi ya ampea 40, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi ikikaa huko nyuma, waya ukisuguka kwenye bati njiani gari linawaka moto! Athi iwe fupi, chini ya nusu mita, rangi ikwanguliwe mpaka bati ling'ae, boliti ikazwe, kisha pakwe grisi. Nyaya za RCA, zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, zipite upande mwingine wa gari, zisiambatane na waya wa betri. Geni, ile skrubu ya amplifaya ya kuilinganisha na redio, nayo si kitufe cha sauti. Ukiipandisha yote, unaunguza tuita, zile spika ndogo za sauti nyembamba.

NYONGEZA: Kwa aliyeuliza kwa nini betri inakufa kila asubuhi tangu afungiwe amplifaya: mara nyingi waya wa buluu na nyeupe wa kuiwashia umefungwa kwenye umeme wa moja kwa moja, inalala macho usiku kucha. Zima kila kitu, weka mita ya ampea kati ya nguzo ya hasi ya betri na waya wake uliochomolewa, ngoja nusu saa. Ikisoma zaidi ya miliampea 50, chomoa fyuzi ya amplifaya. Ikishuka hapo, mrudishie fundi gari, atengeneze, na asikutoze hata shilingi.