Mjadala: Tuwategemee kuku na mbwa kutuonya tetemeko?

Mleta mada:
Wakuu, tangu tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, kuna hoja haiishi: eti kuku, mbwa na kasuku walijua mapema, na serikali ingewasikiliza wafugaji watu wasingekufa. Napinga, kwa sababu hoja hii inaweza kuua.

Kuhisi siyo kutabiri. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili. Yanayotangulia ni dhaifu lakini yana kasi. Yanayobomoa nyumba yako nyuma. Ukiwa kilomita 100 kutoka chanzo, yanapishana sekunde kumi hivi. Kasuku aliyelala kijitini huyapata yale ya kwanza kwa miguu. Anakurupuka, anajibamiza kwenye nyaya za tundu, manyoya yanatapakaa, nawe bado hujasikia kitu. Kisha kuta zinatikisika. Hapo utaapa kwamba alijua.

Na kuku waliogoma kuingia bandani? Mfugaji yeyote anajua wanagoma kwa siafu, kwa nyoka, kwa kicheche. Jioni hizo zote ardhi ilitulia, na nani anazikumbuka? Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi wa taarifa 729 za vituko vya wanyama kuhusu matetemeko 160. Nyingi zilikuwa visa vya mara moja. Kumbukumbu za muda mrefu zilikuwa chache mno.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeruka vyura wa Italia. Mwaka 2009 mtafiti alikuwa akiwahesabu kwenye ziwa lililo kilomita 74 kutoka kitovu cha tetemeko la L'Aquila. Siku tano kabla, karibu madume wote walitoweka, katikati ya msimu wa kuzaana. Hiyo siyo simulizi ya baadaye, ni hesabu iliyoandikwa.

Mchangiaji, Goma:
Volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka jioni ya 22 Mei 2021 na hakuna onyo lililotufikia. Asiye na tangazo atamwangalia mbwa wake. Mnamlaumu kwa lipi?

Mleta mada:
Ndugu yangu wa Goma, simlaumu hata kidogo. Namlaumu anayetaka mbwa achukue nafasi ya mitambo ambayo ni haki yenu. China walisifiwa Februari 1975 kwa kuwahamisha watu wa mji wa Haicheng kabla ya tetemeko, na habari za nyoka waliotoka mashimoni majira ya baridi zikaenea dunia nzima. Lakini kilichowashtua zaidi ni mitetemo midogo iliyotangulia. Julai 1976 mji wa Tangshan, huko huko China, haukupata onyo la tetemeko, wakafa zaidi ya watu 240,000.

Kuhusu vyura nakubali, kile ni kisa kizito. Ila ni ziwa moja na tetemeko moja. Huwezi kuuhamisha mji kwa hilo. Linganisha na kisiwa cha Simeulue, Indonesia, tsunami ya 2004. Wazee walikuwa wamewafundisha watoto: ardhi ikitikisika na bahari ikirudi nyuma, kimbieni mlimani. Katika watu 78,000 hivi, walikufa saba. Fedha ziende huko: mafunzo mashuleni, mitambo, nyumba imara.

Tetemeko la Kagera lilipiga saa 9:27 alasiri. Aliyemtumia mtu ujumbe kuhusu mifugo yake kabla ya saa hiyo auweke hapa, tuujadili.