Mjadala: Je, utando wa kijani wa Ziwa Victoria uendelee kuitwa mwani?

Mtoa mada, Mwanza

Ndugu wasomaji, kamati ya mwalo wetu inaandaa kibao cha tahadhari kitakachosimikwa mahali ambapo akina mama huchota maji na kufulia, na rasimu iliyosomwa kikaoni ilikuwa na sentensi moja tu: "Maji yakiwa na mwani yasinywewe wala yasiogwe." Wengi tuliitikia kwa kichwa. Aliyenyoosha mkono ni shemeji yetu mmoja, mzaliwa wa Unguja aliyeolewa huku, ambaye aliuliza kwa upole mwani umekosa nini, kwa kuwa mama yake amesomesha watoto kwa fedha ya mwani. Hakuna aliyemjibu sawasawa, na mimi niliyekuwa katibu wa kikao nilibaki na kalamu mkononi bila la kuandika.

Tangu siku hiyo nimeshawishika kwamba neno hili tumelibebesha vitu vitatu visivyofanana. Kuna mwani wa bahari, unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu mwaka 1989 na kuuzwa ili kutolewa karajini, ile dutu inayovipa uzito vyakula na dawa za meno. Kuna mwani wa kijani wa maji baridi, ambao hapa kwetu huota juu ya mawe kama nywele zilizolowa, na ambao wataalamu wanaugawa katika jenasi, yaani makundi ya spishi za karibu, kama Cladophora na Spirogyra. Halafu kuna ule utando unaojitokeza siku za jua kali upepo ukitulia, unaoonekana kama mtu amemwaga ndoo ya rangi ya kijani ufukweni. Huo wa mwisho si mmea kabisa. Ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea inavyofanya. Zamani wanasayansi wenyewe waliwaita mwani wa bluu-kijani, na jina hilo limebaki midomoni ingawa uainishaji umekwisha kubadilika.

Kosa hili si la lugha tu. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti juu ya sayanobakteria wa Ghuba ya Mwanza ulioonyesha kwamba baadhi yao hutengeneza maikrosistini, sumu inayoshambulia ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 ya aina kuu ya sumu hiyo katika lita moja ya maji ya kunywa, na kuchemsha hakuiondoi. Badala yake, seli za bakteria hupasuka na sumu iliyokuwa ndani yake ikamwagika kwenye sufuria. Napendekeza neno mwani libaki kwa vile vitu viwili vya kwanza, na hicho cha tatu kiitwe utando wa bakteria katika vibao, matangazo na vitabu vya shule. Anayepinga apinge kwa hoja.

Mchangiaji, mwalimu wa biolojia, Nyegezi

Ndugu mtoa mada, nakuunga mkono, ila usije ukawaahidi watu kwamba majina ya kitaalamu yametulia mahali pamoja. Chukua mfano wa Ulva, mwani wa kijani wa baharini unaofanana na jani la saladi. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliipa Ulva lactuca jina hilo mwaka 1753. Baadaye wataalamu waliona kwamba kuna mwani wa namna hiyo ulio bapa na mwingine ulio kama mrija, wakautenga ule wa mirija katika jenasi ya Enteromorpha, na kwa karibu miaka 200 wanafunzi wakafundishwa kwamba bapa ni huku na mrija ni kule. Mwaka 2003 vinasaba vilionyesha kwamba mgawanyo huo haupo, kwa sababu wenye mirija na walio bapa wamechanganyikana katika ukoo mmoja, na Enteromorpha ikarudishwa ndani ya Ulva. Isitoshe, mwaka 2019 walipima vinasaba vya kile kielelezo kikavu cha Linnaeus mwenyewe, wakakuta kwamba ni cha spishi ya bahari za joto, ilhali Wazungu wa kaskazini walikuwa wakiliita kwa jina hilo jani jingine la pwani zao, ambalo sasa linatambuliwa kuwa ni Ulva fenestrata.

Sababu ya mkanganyiko huo ni kwamba umbo la Ulva hubadilika kwa kufuata mazingira, hasa chumvi ya maji na hata bakteria wanaoishi juu yake. Ikikosa bakteria fulani haijengi umbo lake la kawaida. Kwa hiyo macho peke yake hayatoshi kutenganisha spishi moja ya Ulva na nyingine, na sioni haya kusema kwamba mimi mwenyewe nisingeweza kuzitenganisha. Lakini hapo ndipo hoja yako inapopata nguvu. Tofauti ya Ulva na Ulva ni ya ndugu wa tumbo moja wanaofanana sura, na kumchanganya Kulwa na Doto si aibu. Tofauti ya mwani wa kijani na utando ule ni ya viumbe wasio na ukoo wa karibu hata kidogo, kwa kuwa seli za mmoja zina kiini na za mwingine hazina. Tusitumie ugumu wa kutenganisha ndugu kuwa kisingizio cha kutotenganisha wageni.

Mchangiaji, mfanyabiashara wa dagaa, Igombe

Waheshimiwa, mimi napinga. Kiswahili hakijawahi kungoja maabara. Dagaa wa Mwanza, dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mafia si samaki wa nasaba moja, kwa maana huyu wetu, kwa jinsi mimi ninavyojua ukoo wa samaki, ana undugu na kambale-mamba, lakini wale wa Kigoma ni jamii ya sadini. Hata hivyo hakuna mteja aliyewahi kurudi sokoni kulalamika kwamba jina limemdanganya. Tunataja mahali, biashara inaendelea. Semeni mwani wa pwani na mwani wa ziwa, mmemaliza.

Tena nawaomba mfikirie neno "sumu" litakapotundikwa mwaloni. Mnunuzi anayetoka mbali na lori lake hatauliza kama ni bakteria au ni nywele za mawe, atageuza gari.

Mtoa mada

Nashukuru kwa mfano wa dagaa, kwa sababu ndio unaonipa jibu. (Kuhusu ukoo, ndugu yangu, dagaa wetu yuko katika kundi la samaki wa jamii ya kapu, wale waitwao carp kwa Kiingereza, hana undugu wa karibu na kambale-mamba.) Dagaa wote watatu wanaliwa, kwa hiyo anayekosea jina anakosa ladha aliyoizoea na si zaidi ya hapo. Hapa kimoja kinaliwa na kingine kinaumiza ini. Ukisema mwani wa ziwa, bado umeweka chini ya jina moja zile nyuzi za mawe, ambazo watoto wanachezea bila madhara, na ule utando ambao hawapaswi kuugusa, na vyote viwili vinapatikana kwenye ufukwe uleule.

Kuhusu soko sina jibu la kukufurahisha. Sumu hii hujikusanya zaidi kwenye ini na matumbo ya samaki kuliko kwenye mnofu, na sangara hupasuliwa akasafishwa, lakini dagaa tunamla mzima. Sisemi kwamba dagaa wako wana sumu. Nasema kwamba wewe ndiye mwenye sababu kubwa kuliko sote ya kutaka watu wajue ni siku gani na wapi utando upo.

Mchangiaji, mfugaji wa sato katika vizimba, Ilemela

Kwangu jina halibadilishi kitu. Maji yakikolea kijani, iwe ni kwa mwani au kwa bakteria, usiku viumbe wote hao huvuta oksijeni badala ya kuitoa, na alfajiri ndipo sato wanapoanza kupumulia juu. Ninachoangalia ni rangi, harufu na saa. Naomba pia isemwe wazi kwamba si kila utando una sumu: ndani ya Microcystis ileile, ambayo ni jenasi mojawapo ya sayanobakteria hao, zipo nasaba zinazoitengeneza na zisizoitengeneza, na hata hadubini haiwezi kuzitofautisha, mpaka kipimo cha maabara. Mkiandika "utando wenye sumu" mtakuwa mmesema msichokipima.

Mchangiaji, mzaliwa wa Jambiani anayeishi Mwanza

Nimesoma yote kwa makini, kwa kuwa linalojadiliwa ni jina la kazi ya mama zetu. Naongeza jambo ambalo huenda litawashangaza: mwani tunaolima si mwani wa kijani, hata pale unapoonekana kijani kibichi majini. Spinosum na cottonii, aina mbili tunazolima, wote wako katika kundi la mwani mwekundu, na rangi ya kijani ni ya baadhi ya mbegu tu. Tena hilo jina la cottonii lenyewe ni la kibiashara na limekosewa, kwa kuwa spishi inayolimwa ni Kappaphycus alvarezii, ilhali ipo spishi nyingine ambayo ndiyo Kappaphycus cottonii halisi. Mnunuzi anajua anachotaka, mkulima anajua anachofunga kwenye kamba, na jina lisilo sahihi limepita katikati yao miaka yote bila kumdhuru mtu. Ndiyo maana siogopi jina lisilo la kitaalamu. Ninachoogopa ni mtoto wa Mwanza kukua akijua kwamba mwani ni uchafu, kisha siku moja akiletewa sabuni ya mwani aikatae.

Ila na sisi wa pwani tusijifanye kwamba kila kilicho baharini ni salama. Ulva huyohuyo anayesifiwa na mwalimu, akirundikana ufukweni na kuoza, hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, na huko Brittany, Ufaransa, mwaka 2009 farasi alikufa kwenye marundo hayo. Mwaka 2008, kabla ya mashindano ya mashua ya Olimpiki huko Qingdao, China iliondoa majini zaidi ya tani milioni moja za mwani wa kijani ambao taarifa nyingi za wakati ule ziliuita Enteromorpha, miaka mitano baada ya jina hilo kufutwa.

Mwalimu wa biolojia, Nyegezi

Mfano huo wa Qingdao ni mzuri, maana unaonyesha kwamba jina hufutwa kwenye majarida kabla halijafutwa kwenye ndimi.

Narudi kwenye kibao. Kwa kuwa mvuvi hana hadubini, jina lifuate kile ambacho mkono unaweza kukipima. Chukua kijiti kirefu, ukoroge. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele, huo ni mwani wa kijani. Kikitoka kimepakwa kitu kama rangi, na ulichokoroga kikasambaa majini bila kushikika, chukulia kuwa ni utando wa bakteria na usiuguse kwa mkono. Ukitaka uhakika zaidi, jaza maji hayo kwenye chupa angavu, usiijaze hadi mdomoni, uiache itulie usiku kucha: sayanobakteria wengi wa utando wana vifuko vya gesi ndani ya seli, kwa hiyo asubuhi utawakuta wamepanda na kufanya mkanda wa kijani juu, wakati mwani wa kijani kwa kawaida huzama. Shuleni tunaongeza tone la iodini. Mwani wa kijani huhifadhi wanga, kwa hiyo hugeuka bluu iliyokaribia nyeusi, na bakteria hawageuki hivyo. Vipimo hivi havisemi kama sumu ipo. Vinasema tu uko mbele ya nani, na hapo ndugu yetu wa vizimba yuko sahihi.

Wanaodhani kwamba neno la Kiswahili haliwezi kukaa katika sayansi, nawakumbusha furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili. Jenasi moja ya furu wa miamba ya ziwa hili iliitwa Pundamilia mwaka 1998, neno letu bila kubadilishwa hata herufi, na ndani yake yumo Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Mwenzake wa karibu ana rangi ya kibluu wakati dume la nyererei lina wekundu mgongoni, na majike huchagua kwa rangi hiyo. Maji yakichafuka, mwanga hautoshi, wakaanza kuchanganyika. Si sisi tu tunaoshindwa kutofautisha ndugu kwenye maji machafu.

Mfanyabiashara wa dagaa, Igombe

Kuhusu kapu nimekubali kukosolewa. Kijiti nimekielewa, na nimekijaribu jana asubuhi; kilitoka kimepakwa rangi. Jioni upepo ulikuwa umegeuka, mahali palepale maji yalikuwa meupe. Basi niambieni, kibao cha chuma kilichochimbiwa ardhini kitasema kweli asubuhi na uongo jioni? Mimi nitapinga chochote kinachosimama pale mwaka mzima.

Mtoa mada

Hilo limenishinda kulijibu, kwa hiyo nimelikubali. Rasimu mpya ni ya ubao mwepesi wa kutundika na kutungua, na mlinzi wa mwalo atapima maji kwa kijiti kila asubuhi na kila alasiri kabla ya kuamua kuutundika au kuutungua. Neno sumu limetolewa. Maandishi ni haya: "Leo kuna utando wa bakteria. Usinywe, usioge, usichemshe ukidhani yatafaa. Nyuzi za kijani kwenye mawe si utando huu." Ndugu yetu wa Igombe anataka baada ya neno utando yaongezwe maneno "mwani mbaya" katika mabano, kwa kuwa anasema wateja wake hawajui utando ni nini, ilhali shemeji yetu wa Unguja hataki kuyasikia. Mabano hayo bado yapo kwenye karatasi, kwa penseli, na kikao ni Jumamosi.