Mrejesho: stelingi ya Starlet ya mashindano

Wakuu, niliuliza kama nitoe pawa stelingi (usukani unaosaidiwa na pampu ya oili) kwenye Starlet ninayoiandaa kwa mashindano. Nimeamua ibaki, siitoi. Fundi wangu wa Kizota alichomoa kwanza mkanda wa pampu tujaribu: barabara nyoofu sawa, ila kona kali mikono inawaka moto, kwani reki (chuma chenye meno kinachogeuza tairi) ya pawa haikutengenezwa isukumwe na mkono mtupu. Reki isiyo ya pawa kabisa ni nyepesi kuzungusha kuliko hiyo ya pawa isiyo na mkanda, lakini usukani unauzungusha sana. Kwa hiyo gari ikiteleza unachelewa kuirudisha. Nguvu ya injini inayoliwa na pampu? Kidogo mno, walionitisha nayo Mungu awasamehe. Tumeongeza rejeta ndogo ya oili ya stelingi, maana kwa jua la Dodoma ilikuwa inafoka kikoponi. Sasa kilichobaki ni tairi pana tu.